Na Wa Zizini?

Niingie?

— Ingia.

Nikae?

— Kaa.

Nina mzigo.

— Utue tuuone.

Basi nautua. Ila wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka. Sisimulii huku upepo unanipiga mgongoni.

Zamani, zamani zile fisi akivaa kanzu na hakuna wa kumshangaa, palikuwa na mlima. Mlimani palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na nyumba moja isiyokuwa na mfugo wowote. Mbuzi hakuna. Kondoo hakuna. Ng'ombe ndiyo kabisa usiulize. Hata yai walilisikia tu, pale kuku wa jirani alipotangaza kwamba ametaga.

Sasa sikilizeni desturi ya kijiji hicho, maana ngano yote imekaa juu yake. Watu wa huko walisalimiana kwa sehemu mbili. Ukikutana na mwenzio asubuhi unamuuliza, "Wa nyumbani hawajambo?" Atajibu, "Hawajambo." Hujamaliza hapo. Unamuuliza tena, "Na wa zizini?" Atajibu, "Hawajambo, wanne," au "Hawajambo, kumi na mmoja," kadiri alivyojaliwa. Ukiuliza ya kwanza ukaacha ya pili, umemtukana mwenzio.

Mwenye nyumba ile aliitwa Kiangi. Mkewe aliitwa Nakiete. Binti yao, msichana mwenye nguvu za kubeba mzigo wa majani bila kupumzika njiani, aliitwa Nanzighe. Na huyo Nakiete ndiye mwenye ngano. Mshikeni vizuri asiwapotee.

Miaka kumi na saba Nakiete alikuwa ameolewa pale. Miaka kumi na saba aliamka, akachukua mtungi, akashuka chemchemini. Na kila asubuhi wanawake wenzake walimuuliza, kwa heshima zote:

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na wa zizini?"

"Zizini kimya."

Basi wanawake wakainama kila mmoja akatazama mtungi wake. Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangemcheka, angepata wa kugombana naye. Alijitwisha maji akapanda mlima, na njiani alijifunza jibu ambalo hakuwahi kulitoa. Hawajambo, wawili. Alilisema polepole. Hawajambo, wawili. Alilisema akisugua sufuria, akipalilia magimbi, akimsuka binti yake nywele.

Mumewe Kiangi hakuwa mvivu, msije mkamsingizia. Baba yake alilima magimbi, babu yake alilima magimbi, na yeye alilima magimbi mpaka shamba likachoka na kuanza kumpa vigimbi vya ukubwa wa kidole gumba. Shamba lilitaka samadi. Samadi inatoka wapi? Inatoka zizini. Kiangi alikuwa mtu mwema, mkono wake haukuogopa jembe. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Mtu yeyote akisimama mbele yake akasema, "Mimi najua," Kiangi alimwamini hapohapo, wala hakuuliza amejulia wapi.

Siku moja ikaja habari kutoka mlima wa pili. Shangazi yake Nakiete, Bibi Namkunda, aliyekuwa na mbuzi wengi mpaka anawachanganya majina, alituma maneno haya: "Mwambieni mwanangu Nakiete, siku ya saba nakuja na mbuzi majike wawili. Nikikuta zizi, nawaacha. Nikikuta maneno, nageuka nao."

Mnajua maana ya mbuzi kugeuzwa mlangoni? Huko kwao lilikuwa jambo zito. Mbuzi wakigeuzwa, ukoo mzima unasikia, na hakuna ndugu mwingine atakayekupa hata unyoya. Utasema "Zizini kimya" mpaka unazikwa. Nakiete alilijua hilo. Alikaa chini kwanza, kisha akainuka akatafuta panga.

Nanzighe yeye alishawapa wageni majina kabla hajawaona. Mmoja alimwita Tumepata. Wa pili alimwita Waseme. Akatunga na wimbo, na mimi nikiuimba mniitikie, msiniache peke yangu kama mgonjwa.

*Wageni waja, wana kwato.*

— *Mee, waja.*

*Hawana mzigo, hawana viatu.*

— *Mee, waja.*

*Tukiulizwa wa zizini?*

— *Mee, tutajibu.*

Vizuri. Lakini Kiangi hakungoja kujibu. Furaha ilimlevya. Asubuhi ileile aliyopata habari, alimsindikiza mkewe mpaka chemchemini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wanawake wakauliza, "Na wa zizini?" Nakiete hajafungua kinywa, Kiangi akajibu kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Hawajambo, wawili, na wanazidi kunenepa."

Wanawake wakashangaa. Nakiete akamkanyaga mguu.

"Baba Nanzighe, hata zizi hatuna."

"Siku saba tu, Mama Nanzighe. Siku saba ni nini?"

Chini ya chemchemi palikuwa na matete mengi. Ndani ya matete alilala fisi. Fisi huyo alizijua salamu za kijiji kuliko wanakijiji wenyewe. Kila asubuhi alilala pale, macho kafumba, masikio kayasimamisha, akihesabu. Kwa huyu wanne. Kwa yule sita. Alipomsikia Kiangi aliinua kichwa. Wawili wanaozidi kunenepa? Nyumba ya magimbi? Akapanda kwenda kuchungulia.

Alikuta nini? Hakukuta kitu. Kiwanja kimefagiliwa, mume anachora mstari kwa kijiti, mke anapanga fito, binti anaimba wimbo wa mbuzi ambao hawajafika. Fisi akakaa nyuma ya migomba akafikiri. Akaona, hawa hawajui lolote. Watu wasiojua huwa wanataka fundi.

Kesho yake alikuja kwa njia kuu. Kanzu mpaka chini, kofia mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi.

Najua mtaniuliza, hawakumtambua? Hawakumtambua. Msiwacheke. Fisi huenda kwenye mbuzi, na nyumba ile haikuwa na mbuzi. Baba yake Kiangi hakuwahi kumwona fisi, babu yake hakuwahi kumwona fisi. Wangemjulia wapi? Jirani yeyote angemtambua kwa harufu tu. Hawa walimkaribisha, wakampa kigoda.

"Nasikia mnajenga zizi," alisema fisi. "Mimi ni fundi. Mbuzi nimewajua tangu nilipoota meno."

"Unajua?" aliuliza Kiangi.

"Najua."

Basi. Imekwisha. Kiangi akamwekea gimbi la kuchemsha. Fundi akalitazama, akasema ameshiba.

"Zizi mmeliweka wapi?"

"Hapa, ubavuni mwa jiko."

"Hapana. Mbuzi hapendi moshi, hapendi kelele. Lishusheni kule bondeni, kando ya korongo. Kule kumetulia."

Wakalishusha. Nguzo walizochimbia wakazing'oa, wakazibeba, wakazichimbia upya kando ya korongo. Nakiete alibeba akitazama nyuma, nyumba ikazidi kuwa mbali. Jambo lilimkera, ila hakulijua bado ni jambo gani. Jioni alimuuliza fundi kwa adabu:

"Fundi, mbuzi wako wewe hula majani gani?"

Fundi alikuna shingo. "Majani? Hilo sijawahi kuwauliza, mama."

Siku ya pili fundi akaja tena. Alikuta ukuta umeanza kupanda, vigingi vya mti mgumu, kimoja baada ya kingine, hata mkono haupiti.

"Hapana. Mbuzi ana ngozi laini. Mti mgumu utamchubua. Toeni hiyo miti, zungusheni magome ya migomba na majani makavu."

"Fundi kasema," alisema Kiangi, akaanza kung'oa.

Wakazungusha magome. Ukuta ukasimama, ukipulizwa unapepesuka. Jioni Nakiete alimuuliza:

"Fundi, mbuzi wako akiugua unamtibu na nini?"

"Mbuzi wangu hajawahi kufikia kuugua, mama."

Siku ya tatu fundi akaja mapema kuliko siku zote. Kiangi alikuwa ameshachonga komeo zuri la mti wa mkuyu, amelisugua kwa mchanga mpaka linateleza.

"Hapana. Mbuzi akifungiwa anapata majonzi, maziwa yanakauka. Tia mlango wa kusukumwa. Aliye nje akiusukuma, uingie ndani wenyewe. Komeo la nini? Kwani mnamfunga mwizi?"

"Fundi kasema," alisema Kiangi, lakini komeo lake alilitia mfukoni badala ya kulitupa. Alikuwa amelichonga siku nzima.

Jioni Nakiete alimuuliza mara ya tatu:

"Fundi, na wa zizini kwako? Wako wangapi?"

Fisi alimeza mate, akameza tena. "Wamepita wengi mikononi mwangu, mama. Wengi sana. Leo hakuna." Kisha macho yakamng'aa chini ya kofia. "Hawa wenu wanafika lini?"

Kiangi akafungua kinywa. Nakiete alimwahi.

"Hatujaambiwa siku, fundi. Wakifika utasikia, salamu za chemchemini hazifichi kitu."

Fundi aliinama, akaaga, akaenda zake. Ukungu ulikuwa unashuka, na ndani ya ukungu walimsikia akicheka, kicheko kirefu cha kupanda na kushuka, na pale hakuna aliyekuwa amesema la kuchekesha.

Nakiete hakulala vizuri. Alfajiri alishika mtungi, lakini hakushuka chemchemini. Alikwenda kwa jirani yake, Mama Kateri, akamkuta amekaa mlangoni pa zizi amejishika shavu.

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na wa zizini?"

"Walikuwa watano, mwenzangu. Leo ni wanne. Kapita yule mshenzi."

"Mshenzi gani?"

Mama Kateri alimtazama kwa huruma, kisha akakumbuka kwamba mwenzake hakuwahi kuwa na kitu cha kuibiwa. "Fisi. Humjui? Ana madoa mwilini. Mate hayamwishi. Na akishapata anachokitaka, au akijua atakipata, anacheka. Anacheka hivi." Akaiga.

Nakiete akautua mtungi chini.

Alirudi nyumbani mbio. Kiangi alikuwa mbele ya zizi la bondeni, mikono kiunoni, akilisifu. Nakiete alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, bila kumfichia na bila kumpigia kelele. Kiangi aligeuka akalitazama zizi lake upya. Aliutazama ukuta wa magome. Aliutazama mlango usio na komeo. Aliitazama nyumba, mbali huko juu. Kisha akakaa chini kwenye majani yenye umande, mtu mzima, akajifunika uso.

"Nimejenga kawa," alisema. "Nimeshamfunikia fisi chakula chake."

"Inuka, Baba Nanzighe."

"Siku zimebaki mbili. Shangazi atawageuza."

"Siku mbili ni nini? Wewe mwenyewe uliniambia siku saba ni nini. Inuka. Na hili usilibomoe. Aliyelichora atakaa humohumo."

Hapo ndipo Kiangi alipomtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Akasimama, akajipangusa.

Waliofanya kazi siku hizo mbili ni watatu, lakini aliyepita njiani angedhani ni kumi. Juu, ubavuni mwa jiko, Kiangi alisimamisha nguzo mpya pale alipozing'oa zile za kwanza. Nakiete alipanga sakafu ya fito, ameziinua kutoka ardhini, na kati ya fito na fito aliacha nafasi ya kidole, samadi idondoke chini na kwato zikae kavu. Nani alimfundisha? Mama Kateri. Safari hii aliuliza kwa mtu ambaye mbuzi wake walikuwa hai. Nanzighe alikata majani, akafunga, akabeba, akarudi kukata mengine. Ukuta wa jiko na ukuta wa zizi ukawa ukuta mmoja, mbuzi akikohoa, mama mwenye nyumba anasikia akiwa kwenye jiwe la kusagia. Na mlango ukapata komeo la mkuyu, lililotoka mfukoni.

Bondeni nako hapakuachwa. Kwa nje magome yalibaki kama fundi alivyopenda. Kwa ndani walipigilia vigingi vya mti mgumu mzunguko mzima. Mlango ulibaki wa kusukumwa, uingie ndani wenyewe, kama fundi alivyopenda. Ila waliufunga kamba nene ya mgomba, wakaipitisha nje mpaka kwenye kisiki. Ukiivuta kamba, mlango unarudi unabana kwenye fremu. Aliye ndani asukume atakavyo, anausukumia palepale unapobana.

Mama Kateri akaleta kapu la samadi mbichi akaimwaga humo ndani. "Harufu yangu hiyo," alisema. "Nataka niwepo akifika."

Asubuhi ya siku ya sita Nakiete alishuka chemchemini, mtungi kichwani, shingo imenyooka. Wanawake walishadokezwa. Matete yalikuwa yanacheza kidogo, na upepo haukuwepo.

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na wa zizini?"

"Hawajambo," alisema Nakiete, polepole, kwa sauti ya kusikika. "Wawili. Wamefika jana na wana mafuta."

Alisema uongo? Alisema. Mimi simtetei. Nasema tu kwamba fisi aliyekuwa amemsikia mwanamke huyu akijibu "Zizini kimya" kwa miaka yote ile hakuwa na sababu ya kutomwamini. Kiangi angemdanganya mara mbili? Asingeweza. Nakiete aliweza kwa mara moja.

Alasiri ukungu ukashuka. Kiangi alilala kifudifudi nyuma ya kisiki, kamba mkononi. Nakiete akalala ubavuni mwake. Nanzighe akajificha kwenye migomba, na kazi yake ilikuwa moja, kulia kama mbuzi. Alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima bila kuombwa.

*Wageni waja, wana kwato.*

— *Mee, waja.*

Mnaona, hata ninyi mnaweza.

Fisi akaja. Kanzu ameiacha. Kofia ameiacha. Alikuja na tumbo lake tu. Akanusa, harufu ya samadi. Akasikiliza, mee. Akaugusa ukuta, magome. Akacheka kidogo, akajizuia, akacheka tena. Akausukuma mlango, ukaingia ndani wenyewe, kama alivyopenda.

"Sasa," alisema Nakiete.

Kiangi akavuta. Mlango ukaja ukabana. Akazungusha kamba kwenye kisiki mara tatu, akapiga fundo la mkulima wa magimbi, ambalo hata mvua hailifungui.

Fisi akageuka. Kisha wakasikia mtu anazunguka. Anasukuma mlango, mlango umebana. Anarukia ukuta, mti mgumu. Anazunguka tena.

"Mzee wa nyumba," ilisema sauti ya ndani, kwa adabu nyingi. "Mimi fundi. Nilikuja kukagua kazi."

"Na unaionaje, fundi?" aliuliza Kiangi.

Fundi akarukia ukuta tena.

Asubuhi ya siku ya saba watu walipanga mstari. Kila aliyewahi kupoteza mbuzi alikuja na fimbo yake, na mstari ulifika mpaka njia panda. Kila aliyepita alisimama mbele ya zizi la bondeni akauliza kwa heshima zote, "Na wa zizini?" Na desturi ni desturi, salamu ikitolewa lazima ijibiwe. Fisi alijibu kila mara, "Hajambo, mmoja." Alijibu mpaka sauti ikamkauka.

Katikati ya hayo akatokea Bibi Namkunda, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye hatua za haraka, kamba mbili mkononi na mbuzi wawili nyuma yake. Alisimama akaona zizi kando ya korongo, ukuta wa magome, mlango usio na komeo. Hakuuliza. Akazivuta kamba, akageuka na mbuzi wake, akaanza kurudi alikotoka.

Nakiete alimwona. Alikimbia akamshika shangazi yake kwa mikono miwili.

"Shangazi, lile si zizi letu. Lile ni la fisi. Tulilijenga kwa ujinga wetu, tukaliacha kwa makusudi. Panda juu ukaone la kwetu. Ukilikataa hilo, geuka, sitakushika."

Bibi Namkunda alimtazama. Alichungulia kati ya magome, akaona jicho moja jekundu linamtazama.

"Huyu?" alisema. "Huyu nimemlisha mbuzi saba bila kumwalika." Kisha akapanda mlima.

Alilikagua lile zizi la ubavuni mwa jiko kama mtu anayekagua mchumba. Alitikisa nguzo, haikutikisika. Alifungua komeo, akalifunga, akalifungua tena kwa kuupenda ule mtelezo wake. Aliingia ndani, akainama akapima nafasi ya fito kwa kidole. Kisha akakaa. Ndiyo, alikaa chini kabisa, humo zizini, kanga yake safi juu ya fito, akaegemea ukuta. Nje walimngoja. Kiangi alikuwa anatafuna ukucha, na Nanzighe anaimba wimbo wake kimoyomoyo, midomo tu inacheza.

"Hapa hata mimi ningelala," alisema Bibi Namkunda.

Akatoka. Kamba zote mbili akaziweka mkononi mwa Nakiete.

Na fisi? Bibi Namkunda alisema afunguliwe, zizi la mtu halikai fisi. Kiangi akalegeza kamba, fisi akatoka kwa kinyumenyume, na kila mwenye fimbo akampa moja ya kiuno kwa kila mbuzi aliyepotea. Hesabu ilikuwa ndefu. Tangu siku hiyo kiuno cha fisi hakijainuka, mwangalieni anavyotembea, mbele juu, nyuma chini. Na akiona mlango uko wazi husimama kwanza akafikiri.

Watu walipotawanyika, Bibi Namkunda akachukua fimbo yake ya safari. Alishuka mpaka njiani, hatua ishirini hivi. Halafu akageuka, akarudi taratibu kama mpita njia asiyewajua, akasimama mbele ya nyumba.

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," alisema Nakiete.

"Na wa zizini?"

Jamani. Jibu alilifanyia mazoezi miaka kumi na saba. Alilisema akisugua sufuria, alilisema akipalilia, alilisema jana yake tu kwa uongo, na likatoka bila kukwama. Sasa ni kweli, na halitoki. Alifungua kinywa, akafunga. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Kiangi, ambaye siku zote hujibu kabla ya wenzake, safari hii alinyamaza. Alimngoja mkewe. Nanzighe naye akangoja. Nyuma ya ukuta Waseme akakohoa, na Nakiete akamsikia.

"Hawajambo," alisema. "Wawili."

"Na wakae," alisema Bibi Namkunda, akaenda zake.

Mvua zilipokuja, magimbi yalirudi kuwa ya ukubwa wa kichwa cha mtoto. Na mvua zilizofuata, Nakiete alishuka chemchemini asubuhi moja akiwa amechelewa, nguo zimeloa, kanga imefungwa ovyo, na hakujali. Wanawake walimsubiri. Walikuwa wameshasikia, lakini desturi ni desturi. Wakamuuliza.

"Hawajambo," alisema Nakiete. "Watatu. Tumepata, Waseme, na huyu wa leo alfajiri, Nanzighe amemwita Wamechoka."

Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Na safari hii hakuna aliyeinama kutazama mtungi wake.

Mzigo wangu ndio huo, nimeutua, mmeuona. Ngano nimeirudisha zizini kwake na komeo nimelitia. Kabla sijainuka niulize tu, kama watu wenye adabu. Wa nyumbani hawajambo?

— Hawajambo.

Na wa zizini?

— Hawajambo, watatu.

Na wakae.